Kigingi Kilichoapa Kutosogea

Ilikuwepo nchi, na kwa mujibu wa taarifa ya serikali bado ipo palepale ilipokuwa, iitwayo Jamhuri ya Shwari. Katika nchi hiyo kila mali ya umma huapishwa kabla ya kuanza kazi. Mlango wa ofisi huapa kutofunguka kabla mwenye ofisi hajamaliza chai. Bomba la maji huapa kutotoa siri, wala kitu kingine chochote. Gari la wagonjwa huapa kuheshimu msafara, ndiyo maana huonekana limesimama pembeni kwa adabu, taa zikiwaka, mgonjwa akitazama magari ya wakubwa yakipita. Kwa kuwa kitu hakina mdomo, karani husoma kiapo kwa niaba yake, ofisa akakiwekea mkono, wananchi wakapiga makofi. Tangu siku hiyo kitu kile ni mtumishi wa umma. Kina likizo ya mwaka na kinaweza kufukuzwa kazi.

Washwari husalimiana hivi: "Tumetulia?" Na mwenzako hujibu: "Tuli!" Ukijibu neno lingine utaulizwa umetoka wapi.

Sikudhani binti Mrisho alikuwa fundi wa vipimo katika Wizara ya Ardhi na Utulivu Wake. Alikuwa na stashahada ya Chuo cha Upimaji, binti mmoja aitwaye Tunu, na mume aliyekwenda kutafuta maisha. Hadi leo hayajaonekana maisha wala mume. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Kwake, chakula kikiwepo kinaliwa, wingu likitanda nguo zinaanuliwa, na mtoto akidanganya haambiwi mara mbili.

Kazi yake ilikuwa kutembea na chombo kinachozungumza na setilaiti. Alikiweka juu ya vigingi vya zege vilivyosimikwa pande zote mbili za Ufa Mkuu, akajua kila kigingi kimesogea kiasi gani tangu mwaka uliopita. Vigingi vyote vilikuwa vimeapa kutosogea. Chombo chenyewe hakikuapishwa, kwa sababu kilikuwa msaada kutoka ng'ambo, na Wizara iliona si busara kuapisha mgeni asiyejua lugha.

Ufa Mkuu ulitoka ziwani hadi milimani, ukipita chini ya mji mkuu. Kwa macho huuoni. Unachoona ni bonde jembamba ambamo akina mama hulima matembele. Na juu ya bonde hilo hasa, kwa kuwa kiwanja kilikuwa tambarare na hakuna mkubwa aliyekitaka, ilijengwa Shule ya Msingi Mwamba. Tunu alisoma hapo, darasa la tatu. Katikati ya uwanja wa shule alisimama Kigingi Namba Kumi na Nne, na watoto walianzia kwake foleni ya uji.

*

Siku moja Sikudhani aliingia ofisini kwa Mkurugenzi wa Vipimo bila kubisha hodi. Mkurugenzi alikuwa Elinami Mkwizu, ambaye siku ya kuteuliwa aliapa, kama kigingi, kutosogea kituoni. Walisoma pamoja. Chuoni waligawana jozi moja ya mabuti ya porini, leo yeye kesho mwenzake, na siku ya Sikudhani ilibidi ajaze matambara kwenye vidole ili yasimvuke. Watu waliogawana mabuti hawabishi hodi.

"Eli, nipe mkono."

"Mama Tunu, mlango uko wazi. Watu watasema."

"Waseme. Nipe mkono."

Akamshika kidole cha shahada. "Hii kucha inakua. Huioni ikikua, lakini mwezi ukiisha lazima uikate. Ardhi ya mashariki ya ufa inakwenda kaskazini kwa mwendo huohuo. Ya magharibi inakwenda kusini. Hilo unalijua, tulilisoma wote."

"Nalijua."

"Sasa sogea karibu na ufa. Kigingi cha shuleni na mwenzake wa ng'ambo ya ufa havijaachana hata unywele. Mwaka hadi mwaka. Mbali panakwenda, katikati pamegoma."

Elinami alirudisha mkono wake taratibu. "Pameshikana," alisema.

"Pameshikana, na panapinda. Ni upinde unavutwa, Eli, na juu ya huo upinde kuna madawati. Tunu wangu yuko pale. Nakaaya wako yuko pale. Wanakaa dawati moja."

"Utaachia lini?"

"Lini hakuna ajuaye. Atakayekutajia tarehe ni mpiga ramli. Mimi nakwambia wapi."

Elinami alisimama, akafunga mlango uliokuwa wazi. Macho yake yalikuwa na machozi, na hayo machozi, tumpe haki yake, yalikuwa ya kweli. "Kwa yale mabuti tuliyogawana," alisema, "shule itahama. Nitamfikia Waziri mwenyewe. Ila nipe jambo moja. Usimwambie mzazi hata mmoja. Mji ukitaharuki, Waziri atakasirika, na akikasirika hakihami kitu. Nyamaza, niachie mimi."

Sikudhani hakuwa mwepesi wa kuahidi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutimiza. Alifikiri. Kisha akasema, "Haya. Nimenyamaza."

Na kweli alinyamaza. Kila asubuhi alimsuka Tunu, akamfunga vifungo vya shati, akamwambia maneno yaleyale: "Ardhi ikitikisika, usijifiche darasani. Kimbia uwanjani, simama kwa kigingi." Alipopita kwenye mashine ya kusaga na kuwakuta akina mama wenzake wakipanga debe zao, alisalimia, "Tumetulia?" nao wakajibu, "Tuli!" Akaondoka akijisikia kama mtu aliyemeza mfupa.

*

Serikali haikukaa kimya. Ilipopokea vipimo iliunda Kamati ya Nidhamu ya Vigingi.

Kigingi Namba Mbili, aliyesimikwa mbali mashariki, alishtakiwa kwa kuelekea kaskazini bila ruhusa ya safari. Kigingi Namba Ishirini na Tisa, wa magharibi, alishtakiwa kwa kuelekea kusini, kosa kubwa zaidi, kwa kuwa kusini ndiko unakopita mpaka. Walipoulizwa kama wana la kujitetea, walinyamaza. Kamati ilichukulia kuwa ni jeuri. Wote wa mbali walifukuzwa kazi, wakang'olewa kwa sururu, na nafasi zao zikatangazwa.

Lakini Kamati haikuwa ya kuadhibu tu. Baada ya kupitia vipimo kwa makini, iligundua kwamba yupo kigingi mmoja ambaye hakusogea kabisa. Kwa hiyo siku ya sherehe wananchi walikusanywa kwenye uwanja wa Shule ya Msingi Mwamba, Kigingi Namba Kumi na Nne akavishwa shada la maua, akatangazwa Mtumishi Bora wa Mwaka.

Waziri wa Ardhi na Utulivu Wake, Brigedia Profesa Shekwavi, alisimama mbele ya kipaza sauti. Kipaza sauti kilikuwa kimeapa kutomkatiza mkubwa, na siku hiyo kilitimiza.

"Ndugu wananchi! Wapo vigingi wanaotangatanga. Wapo vigingi vibaraka. Lakini yupo huyu! Dunia inazunguka, yeye ametulia. Wenzake wanakwenda, yeye yupo kituoni. Hajasogea hata unywele! Nauliza: ardhi iliyozaa mtumishi kama huyu, si ndiyo ardhi imara kuliko zote? Basi serikali yenu sikivu imeamua. Hapahapa, ubavuni kwa shujaa huyu, litajengwa bweni la ghorofa tatu, na watoto wenye akili kutoka mikoa yote wataletwa kulala hapa!"

Makofi yalipigwa. Sikudhani alikuwa mstari wa tatu. Alimtafuta Elinami kwa macho. Elinami alikuwa jukwaani, kushoto kwa Waziri, ameshika taarifa yenye vipimo vya Sikudhani vilivyogeuzwa kichwa chini miguu juu kama kuku anayepelekwa sokoni. Naye alikuwa akipiga makofi.

Baada ya sherehe alimkamata nyuma ya jukwaa.

"Eli, bweni?"

"Mama Tunu, punguza sauti. Siasa nayo ina vipimo vyake. Waziri hajaamini bado. Nimempa muda aamini."

"Na watoto?"

"Uliniahidi kunyamaza."

"Na wewe uliniahidi kuhamisha."

"Ndiyo ninahamisha," alisema Elinami, akaangalia pembeni. "Kidogo kidogo."

Katika hilo hakusema uongo.

*

Wiki chache baadaye Tunu alirudi kutoka shule akirukaruka.

"Mama! Dawati ni langu peke yangu! Naweka mkoba huku, mimi nakaa huku, hakuna wa kunipiga kiwiko."

"Nakaaya anaumwa?"

"Haumwi. Amehama. Yuko shule mpya ya kilimani. Na mtoto wa Waziri naye amehama. Na watoto wa Mwalimu Mkuu, wote."

Sikudhani aliacha kuchambua mchele. "Mwalimu Mkuu mwenyewe yupo?"

"Yupo. Ila siku hizi anafundisha akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje."

Sikudhani alifunika mchele kwa ungo, akavaa kanga ya pili, akaenda hadi mtaa wa wakubwa. Malori yalikuwa yamepanga foleni. Makochi, majokofu, vitanda vya mninga, jogoo wa mapambo, vyote vilikuwa vinapandishwa kuelekea Kilima cha Nanga, mbali na bonde. Ubavuni mwa kila lori palikuwa na kitambaa kilichoandikwa ZIARA YA KIKAZI. Nje ya geti la Elinami palikuwa na rundo la takataka, na juu ya rundo hilo, midomo wazi, yale mabuti.

Elinami alitoka akiwa amekumbatia runinga.

"Uliniambia hawajaniamini," alisema Sikudhani.

Elinami aliiweka runinga chini. Kwa mara ya kwanza tangu awe Mkurugenzi alisema kama mtu. "Hawajakuamini? Walikuamini wote, Mama Tunu. Waziri alikuamini kabla sijamaliza kueleza. Alinyanyuka katikati ya maneno, akaenda kumpigia mkewe."

"Na shule?"

"Shule ina watoto mia nane. Kilimani nafasi ni chache."

"Nafasi ni chache."

"Halafu elewa. Kuhamisha shule ni kukiri kwamba ardhi inatikisika. Kuhamisha familia ni mambo ya familia."

"Na Tunu? Tunu, Eli, aliyekuwa anakuita mjomba?"

Elinami aliangalia viatu vyake, na vilikuwa viatu vizuri. "Ungekuja kuniombea mwanao, ningemtafutia pa kukaa. Hata mtoto wa ziada angebanwa. Lakini wewe ulikuja kuombea shule nzima. Sasa shule nzima ningeibana wapi?"

Sikudhani aliinama, akachukua mabuti kwenye takataka, akayakung'uta, akaondoka nayo. Mabuti ni mabuti.

*

Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga. Foleni ilikuwa ndefu, debe kwa debe, na akina mama walikuwa wanacheka jambo fulani kuhusu bwana mpya wa jirani.

"Jamani," alisema, "chini ya shule kuna ufa. Umeshikana, unapinda, siku ukiachia shule inalala chini. Nimelijua muda mrefu. Nilinyamaza. Sinyamazi tena."

Walimtazama kwa huruma. Mama Chausiku, mwenye debe la mbele, alisema, "Mama Tunu, jua limekuchoma kichwa. Kigingi cha shuleni si ndiyo kimepewa shada? Hakijasogea!"

"Ndiyo ubaya wake huo."

"Haya tena! Kikisogea ubaya, kisiposogea ubaya. Shoga, ugua pole."

Kicheko kikapita foleni nzima. Sikudhani aliona kwamba kucha, upinde na setilaiti havitamfikisha popote.

"Sawa," alisema. "Msiniamini. Kesho nendeni shuleni mkaangalie madawati yaliyo wazi. Kisha mniambie ni ya watoto wa nani."

Kicheko kilikatika. Mashine ikabaki inasaga peke yake. Mmoja alianza kutaja: mtoto wa Waziri. Mwingine akaongeza: wa Mkurugenzi. Wa Mwalimu Mkuu. Wa yule bwana wa forodha. Hakuna aliyeuliza habari za ufa tena. Mama Chausiku alijifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Unga wangu mniwekee," alisema. "Kesho nini? Mimi naenda sasa hivi."

Tangu siku ile hakuna mtoto aliyeingia tena darasani. Akina mama walitandaza maturubai kwenye uwanja wa gulio, wakafunga ubao kwenye nguzo ya goli, na walimu wakafuata, kwa sababu hata katika Shwari mwalimu hawezi kufundisha kuta. Mafundi wa bweni la ghorofa tatu wangeanza kazi mwezi unaofuata. Wasingekuta mtoto hata mmoja wa kujengewa.

Serikali ilimkamata Sikudhani kwa kosa la kuchochea ardhi.

*

Kesi ilisikilizwa na Kamati ileile ya Nidhamu, katika ukumbi wa Wizara. Shahidi alikuwa mmoja tu, Mkurugenzi wa Vipimo.

"Shahidi, unamfahamu mshtakiwa?"

"Kikazi tu."

"Aliwahi kukuletea vipimo vyovyote vinavyoonyesha hatari?"

Sikudhani alikuwa amevaa mabuti. Aliyaburuza sakafuni kidogo, yakatoa mlio. Elinami aliyatazama, akayatambua.

"Hajawahi," alisema.

Kamati ikaahirisha ili wanywe chai. Maandazi yalikuwa bado kwenye sinia wakati ardhi ilipoachia.

Ulianza mlio, kama lori lililojaa mawe likipita chini ya sakafu. Kisha ukumbi ukasukumwa upande mmoja, ukavutwa upande mwingine, na vikombe vikamwagika vyote kwa pamoja. Mwenyekiti wa Kamati alijificha chini ya meza, akamkuta Mkurugenzi ameshawahi. Mlango ulikuwa umeapa kutofunguka, lakini uling'oka.

Sikudhani alikimbia. Shule ya Msingi Mwamba ilikuwa chini. Paa lilikuwa limelalia madawati, na vumbi lilikuwa bado linapanda. Katikati ya uwanja Kigingi Namba Kumi na Nne na mwenzake wa ng'ambo walikuwa wameachana urefu wa mtu mzima aliyelala, na shada la maua lilikuwa limebaki katikati, halijui limfuate nani.

Kwenye gulio watoto mia nane walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi, wamekumbatiana, wakilia kwa sauti kubwa sana. Sikudhani hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile. Alimkuta Tunu, akamkagua kichwa, mikono, miguu, kisha akamzaba kofi dogo la mgongoni kwa sababu alikuwa amepoteza ndala moja, na hapo ndipo yeye mwenyewe akakaa chini akalia.

*

Taarifa ya serikali ilisomwa siku iliyofuata. Ardhi ya Shwari haikutikisika. Ilijinyoosha baada ya kazi ndefu.

Hukumu nayo ilisomwa. Mwenyekiti, bandeji kichwani, alisema kesi ilikuwa imekosa ushahidi hadi ardhi yenyewe ilipoutoa. Mshtakiwa alisema itatikisika, ikatikisika. Ushahidi gani zaidi? Sikudhani alipatikana na hatia, akafukuzwa kazi. Walimnyang'anya kitambulisho, kofia na kalamu. Chombo cha setilaiti walimwachia. Hakikuwa kimeapishwa, kwa hiyo hakikuwa kwenye orodha ya watumishi.

Na kwa kuwa watoto mia nane walikuwa hai, na jambo zuri haliwezi kutokea katika Shwari bila mkubwa kulitenda, Elinami Mkwizu alivishwa Nishani ya Utulivu Daraja la Kwanza kwa kuwatoa watoto madarasani mapema. Alitoa hotuba. Alisema yeye, kama mzazi, aliona katikati pamegoma. Alisema upinde ulikuwa unavutwa. Alisema hakuna ajuaye lini, bali mzalendo hujua wapi.

Sikudhani na Tunu walikuwa kwenye umati, nyuma.

"Mama," alisema Tunu, "si babake Nakaaya yule? Mbona anasema maneno yako?"

"Piga makofi mawili, twende. Maharage yanaungua."

*

Elinami alikuja mchana, siku kadhaa baadaye, bila gari. Sikudhani alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, mkono wa Tunu pajani, anamkata kucha. Mabuti yalikuwa yameanikwa ukutani, yamejaa udongo mwekundu. Udongo wa bondeni ni mweusi. Mwekundu upo sehemu moja tu.

"Hodi," alisema Elinami.

"Siku hizi unabisha."

Alibaki amesimama. Nishani ilikuwa mfukoni. Ilionekana umbo lake. "Mama Tunu. Chuoni tulisoma kwamba ufa ukiachia sehemu moja, mzigo unahamia sehemu ya pili yake."

"Tulisoma."

"Sehemu ya pili yake ni Kilima cha Nanga."

"Ndiyo."

"Vigingi vya kilimani..." Alitafuta maneno. Wizara haikuwa tena na mtu wa kuviendea, wala yeye asingeweza kumtuma mtu, kwa kuwa Waziri alikuwa ametangaza kilima kile kuwa makao ya kudumu ya serikali, na kuuliza tu lilikuwa kosa. "Umeviona?"

"Nimeviona. Mabuti yako yalinifikisha."

"Vikoje?"

Sikudhani alikata kucha ya kidole cha mwisho, akaipuliza.

"Vimetulia, Mheshimiwa Mkurugenzi. Havijasogea hata unywele."

Katika Shwari nzima palikuwa na watu wawili tu wa kuelewa maneno hayo, na mmoja wao alikuwa amekaa kwenye mkeka. Yule wa pili akashika ukuta.

"Nakaaya analala kule," alisema kwa sauti ndogo.

"Mlete. Leo, siyo kesho. Atalala na Tunu."

"Mungu akubariki, Sikudhani. Na mama yake?"

"Mlete na mama yake."

Elinami alifuta uso. Alisubiri. Tunu alitoa mkono wa pili, na Sikudhani akaanza na kidole gumba, bila kuinua macho.

"Na mimi?"

"Wewe uliapa, Eli," alisema. "Baki kituoni."